MAPUMZIKO NA KURUDI KAZINI BAADA YA UPASUAJI WA KUONDOA KIZAZI

Watumishi wa Serikali na wakaazi kwa jumla wanaarifiwa kuwa maelezo haya yanatolewa ili kujibu swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu na mwanamke mwenyewe akiwa ameinamisha uso, na mara nyingine na mkuu wake wa kazi akiwa na kalamu mkononi: mtu aliyepasuliwa akaondolewa kizazi apumzike muda gani, na arudi lini kazini? Swali ni la haki na majibu yake yapo. Tatizo ni kwamba mengi yanayozunguka mitaani ama ni mafupi mno, ama yamechanganyika na khofu.

Kizazi, au mfuko wa uzazi, huondolewa kwa sababu mbali mbali. Iliyo maarufu kwa wanawake wa makamo ni uvimbe wa fibroidi, unaoleta hedhi nzito hata mwanamke akapungukiwa na damu mwilini. Nyingine ni kushuka kwa kizazi, hasa kwa waliozaa mara nyingi, na saratani ya kizazi au ya mlango wake. Kisha ipo ile isiyompa mtu nafasi ya kushauriana: mama yuko katika uchungu na kizazi kikapasuka, au amekwisha kujifungua na damu haikatiki kwa dawa wala kwa njia nyingine, na daktari akalazimika kukiondoa usiku ule ule ili kuokoa maisha. Huyu wa mwisho huamka akaelezwa jambo ambalo hakulitarajia, na pengine mtoto naye hakupona. Hali yake ya mwili na ya moyo hailingani na ya yule aliyepangiwa tarehe akaja na mkoba wake, na haifai mapumziko yao yapimwe kwa pishi moja.

Mfano wa maelezo haya umechukuliwa Benaco, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera. Wasomaji wa umri wetu wanalikumbuka jina hilo tangu mwisho wa Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24, na mahali palipokuwa pakijulikana kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara pakageuka, kwa wiki chache tu, kambi kubwa ya wakimbizi kupita zote duniani kwa wakati ule. Wakimbizi wale walirudi kwao Disemba 1996. Benaco ya leo ni kituo cha biashara katika njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Wapo mama lishe, wauza ndizi, walimu, wauguzi na wakulima. Tumepachagua kwa sababu ni mahali ambapo neno "pumzika" ni jepesi kulitamka na zito kulitekeleza. Maji hubebwa, kuni hubebwa, shamba hulimwa kwa jembe la mkono, na hospitali haiko mlango wa pili. Wasomaji wetu wa Makunduchi na Micheweni wataona mengi yanayofanana na ya kwao.

Mgonjwa wa Benaco huweza kupelekwa katika hospitali za wilaya yake, yaani Murgwanza ya Kanisa la Anglikana, Rulenge ya Kanisa Katoliki, au ile ya Serikali iliyopo Nyamiaga. Aliye upande wa Biharamulo anayo hospitali teule ya wilaya hiyo. Pakiwa na shaka ya saratani, au upasuaji ukiwa mgumu, safari huwa ndefu zaidi: Bukoba, Chato, au Bugando jijini Mwanza. Umbali huo si habari ya pembeni, kwa maana aliyepasuliwa mbali hana budi kusafiri akiwa na mshono mbichi, na tutalirudia jambo hili.

Watu wa mwambao na visiwani tunalo neno moja linaloeleza kila kitu: arubaini. Mzazi hukaa arubaini yake, akapikiwa uji, akachotewa maji, akafuliwa nguo, na hakuna jirani atakayeuliza kwa nini hajaonekana sokoni. Bara nako, kwa majina mengine, mzazi huhudumiwa vivyo hivyo. Wala siku 40 hazikuwekwa ovyo. Zinakaribiana sana na wiki 6, na wiki 6 ndiyo kadiri ambayo madaktari huitaja kwa mwili kujirudi baada ya uzazi. Sasa tazama mwanamke aliyeondolewa kizazi. Amepasuliwa ukuta wa tumbo, mishipa mikubwa ya damu imefungwa, kiungo kimekatwa kutoka mahali pake. Na akirudi nyumbani hana kichanga cha kuonyesha. Wageni huja siku 3, wakaondoka. Baada ya wiki 2 anatembea wima, kanga imefungwa vizuri, na shemeji anaona ndoo tupu iko karibu naye. Hapo ndipo madhara yanapoanza, kwani aliyepata jeraha kubwa kuliko la mzazi wa kawaida amenyimwa arubaini kwa sababu tu hapakuwa na aqiqa wala ubatizo.

Ngozi nayo hudanganya. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, katika Bunyoro ya Uganda, waganga wa kienyeji wakimpasua mwanamke tumbo ili kumtoa mtoto. Walitumia pombe ya ndizi kumlewesha mgonjwa na kuoshea mikono na tumbo, wakafunga jeraha kwa pini za chuma, na Felkin akaandika kwamba ilipofika siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1884 na ingali ikisomwa na wanafunzi wa udaktari. Kupasuliwa kwa ajili ya kuzaa si sawa na kuondolewa kizazi, lakini funzo la ngozi ni lile lile: juu hufunga mapema. Ngozi ya mwenye afya huungana ndani ya siku 10 hadi 14, na nyuzi za nje huweza kutolewa kabla ya hapo. Chini ya ngozi upo utando mgumu ambao ndio hasa unaolishikilia tumbo, na huo hata baada ya wiki 6 haujarudia nguvu zake zote. Huendelea kukaza kwa miezi. Ukivutwa kwa mzigo kabla ya wakati huachia kidogo kidogo, na mwanamke akaja kupata ngiri mahali pa mshono, mwaka mmoja au miwili baadaye, asijue ilitoka wapi. Ndani zaidi, pale juu ya uke palipokuwa na mlango wa kizazi, pana mshono mwingine ambao haonekani kwa jicho la mtu yeyote wa nyumbani. Huo ndio unaolindwa kwa katazo la tendo la ndoa.

Muda wenyewe hutegemea njia iliyotumika. Njia iliyo ya kawaida katika hospitali zetu za wilaya ni ya kupasua tumbo. Mgonjwa hulazwa siku chache, aghalabu kati ya 2 na 5, na kupona kwake huchukua wiki 6 hadi 8. Pale ambapo kizazi hutolewa kwa njia ya uke, kama inavyofanywa mara nyingi kwa kizazi kilichoshuka, mwili hujirudi mapema zaidi, na kazi za kukaa zaweza kuanza baada ya wiki 3 au 4. Upasuaji wa matundu madogo, unaopatikana katika baadhi ya hospitali kubwa, nao una mapumziko mafupi, kiasi cha wiki 2 hadi 4. Lakini kwa njia zote hizi mshono wa ndani ni ule ule, na katazo la kubeba vitu vizito na la tendo la ndoa halipungui kwa sababu kovu la nje ni dogo. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani, au aliyetokwa na damu nyingi, aongezewe muda kwa ushauri wa daktari wake.

Wiki ya kwanza mgonjwa hutakiwa kuinuka na kutembea, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Wengi hushangaa kusikia hivyo, na jamaa humwambia daktari kuwa hana huruma. Ukweli ni kwamba kulala bila kujongea ndiko kunakoleta mabonge ya damu katika miguu, na bonge likisafiri hadi mapafuni huua kwa ghafla. Ainuke kwa kugeukia ubavu kwanza, kisha ateremshe miguu na kujisukuma kwa mkono; asijivute kwa misuli ya tumbo. Akitaka kukohoa au kucheka, abane mto mdogo juu ya mshono. Chooni asijikaze: maji ya kutosha, papai, mboga za majani na uji wa nafaka isiyokobolewa vitamsaidia kuliko ushujaa. Kutokwa na majimaji yenye damu kidogo ukeni kwaweza kuendelea kwa wiki kadhaa, hata 6, na si jambo la kutisha maadamu yanapungua na hayana harufu mbaya.

Kuna mazoea moja ambayo yapaswa kusemwa waziwazi, nayo ni kukandwa. Mama mkwe au mkunga huchukua kitambaa na maji ya moto akalikanda tumbo la aliyepasuliwa, akiamini anaitoa damu iliyobaki. Wanaofanya hivyo wanafanya kwa mapenzi. Hata hivyo maji ya moto juu ya mshono huunguza ngozi iliyopoteza hisia, na kulikandamiza tumbo huzivuta nyuzi za ndani. Damu ya kizazi haiwezi kubaki pahali ambapo kizazi chenyewe hakipo. Kuoga maji ya uvuguvugu na kuukausha mshono kwa kitambaa safi kunatosha. Dawa ya kienyeji isipakwe juu ya jeraha wala kuingizwa ukeni.

Tuje kwenye kazi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na hiyo ndiyo inayobebwa kichwani kila siku. Mpaka ambao madaktari huuweka kwa wiki 6 za mwanzo ni kiasi cha kilo 4 au 5, yaani dumu dogo la mafuta ya kupikia. Mtoto wa miaka miwili ana kilo zaidi ya 10. Mama asimbebe mgongoni, akae kwanza ndipo apewe ampakate. Kutwanga, kufua mablanketi, kupasua kuni na kusukuma toroli vyote vimo katika katazo hilo. Jembe la mkono ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kila pigo hulikaza tumbo zima. Mkulima wa Benaco aliyepasuliwa tumboni asilishike kabla ya wiki 8, na ingekuwa bora afike 12. Ikiwa upasuaji si wa dharura, basi tarehe na ichaguliwe kwa kuangalia msimu. Mwenye kupasuliwa wakati mvua zinakaribia atakaa kitandani akiyasikia majembe ya wenzake, na watu wachache wana subira ya kiasi hicho.

Mama lishe aweza kurudi kibandani wiki ya 5 au ya 6 ikiwa anakaa kwenye kiti, anakata mboga na kupokea fedha, huku mwingine akinyanyua sufuria na kuchota maji. Mwalimu wa skuli ya msingi husimama kutwa; kichwa cha skuli kilicho na busara kitampangia vipindi vichache kwa wiki mbili za mwanzo na kumpa kiti mbele ya darasa. Karani na mhasibu, ambao kazi yao ni ya mezani, huweza kuanza kati ya wiki ya 4 na ya 6 ikiwa hawana maumivu na wanafika kazini bila taabu. Muuguzi wa wodi ana kazi nzito kuliko karani, maana huinua wagonjwa. Wiki 8 si nyingi kwake. Dereva asishike usukani mpaka aweze kukanyaga breki kwa nguvu zote bila kusita kwa ajili ya maumivu.

Uchovu ni jambo ambalo halionekani katika cheti cha daktari. Mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu nyingi miezi au miaka kabla ya upasuaji huwa amerudi nyumbani na upungufu wa damu, na hata mshono ukipona yeye hupumua kwa shida akipanda kilima. Huyu hupewa vidonge vya madini ya chuma, na havimalizwi kwa wiki mbili. Pengine vitahitajika kwa miezi mitatu. Avinywe pamoja na tunda kama chungwa au pera, wala asivinywe kwa chai, kwani chai huzuia madini hayo kuingia mwilini. Maharage, dagaa, maini na mboga za majani havikosekani Ngara wala Unguja.

Kuhusu safari, aliyeruhusiwa kutoka Bugando kurejea Benaco anakaa kwenye basi kwa saa nyingi. Zamani alilazimika pia kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu mwaka 2025 lipo daraja, na taabu hiyo imepungua. Hata hivyo ashuke na kutembea kidogo kila basi linaposimama, achezeshe vifundo vya miguu akiwa amekaa, na anywe maji, ijapokuwa wasafiri wengi hujinyima maji kwa kuogopa kukosa choo. Pikipiki ya bodaboda katika njia ya mashimo iepukwe kwa wiki 6. Iwapo hapana chombo kingine kutoka kituoni hadi nyumbani, dereva aambiwe hali ya abiria wake, aende taratibu.

Sheria inasema nini? Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 32, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Wiki 8 ni siku 56. Kwa hiyo mfanyakazi ambaye hajaitumia likizo yake ya ugonjwa katika mzunguko huo anaweza kupumzika wiki 8 kamili asipungukiwe na senti, na akabaki na siku 7. Sharti ni cheti cha daktari. Asiyekileta mwajiri halazimiki kumlipa, na hapo ndipo wengi wanapopotezea haki yao, kwa kuondoka hospitali na kadi ya dawa tu. Aliyepoteza kizazi wakati wa kujifungua yumo pia katika likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria hiyo ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Watumishi wa umma wanazo pia kanuni zao za utumishi, na afisa utumishi ndiye wa kuulizwa. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na watumishi wa huku waisome hiyo, wasichukue hesabu za Bara wakazipeleka mezani kwa mkuu wao.

Mama lishe na mkulima hawana kifungu cha 32. Likizo yao ni ile watakayopewa na mume, watoto, ndugu na kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa ajili hiyo inashauriwa kwamba mwenye kupangiwa upasuaji aitishe kikao kidogo cha nyumbani kabla ya kwenda hospitali, itajwe kwa majina nani atachota maji, nani atapika, nani atasimamia kibanda, na mpaka tarehe ipi. Ahadi ya "tutasaidiana" isiyo na jina la mtu haijawahi kujaza mtungi.

Wakuu wa kazi nao wana sehemu yao. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya sheria ile ya Bara, zinamtaka mwajiri, kabla ya kufikiria kumwachisha mtu kazi kwa ugonjwa, aangalie chanzo chake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi yaweza kurekebishwa. Upasuaji huu ni ugonjwa wa muda. Anayerudi na ED ya kazi nyepesi apewe kazi nyepesi kweli. Mkuu wa kazi anahitaji kujua idadi ya siku na aina ya kazi zisizofaa. Hana haja ya kujua ni kiungo gani kimeondolewa, na akikijua asikitangaze. Mwandishi wa maelezo haya aliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo karani wake alirudi wiki ya tatu, kwa sababu aliambiwa kwa mzaha kuwa kiti chake kina wateja wengi. Alipangiwa kuhamisha majalada kutoka chumba cha chini kwenda cha juu. Siku ya nne mshono ulifunguka, akarudi wodini, na ofisi ikamkosa kwa miezi mitatu badala ya wiki tano zilizokuwa zimebaki. Aliyefanya mzaha ule hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu, na hakuuliza.

Zifuatazo ni dalili ambazo hazingoji asubuhi: homa, damu mbichi inayolowesha pedi au kitambaa kwa muda mfupi, usaha au harufu mbaya kutoka kwenye mshono au ukeni, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kutapika na tumbo kujaa, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kubana na pumzi kukata. Mwenye mojawapo ya hizi apelekwe kituo cha afya kilicho karibu hata kama ni usiku, wala asingoje kusafirishwa mpaka pale alipopasuliwa. Ipo pia dalili ambayo wanawake huificha: mkojo kuvuja wenyewe, mchana na usiku, siku chache au wiki moja na zaidi baada ya upasuaji. Hiyo ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hutibika, na hospitali kama Bugando na CCBRT ya Dar es Salaam zina wataalamu wa kuiziba. Inayozidi kuumiza ni aibu ya kukaa nayo.

Juu ya tendo la ndoa, muda usiopungua wiki 6 unapaswa kupita, na ni vyema daktari aukague kwanza mshono wa ndani. Mume aelezwe hayo na daktari mwenyewe, mbele ya mkewe, kwa sababu katazo linalotoka mdomoni mwa mke huchukuliwa na baadhi ya wanaume kuwa ni kisingizio. Inavumishwa kwamba mwanamke aliyeondolewa kizazi hubaki tupu ndani, au huwa baridi, au kwamba amekuwa mwanamume. Hayo si kweli. Uke unabaki, hamu inabaki, na wengi waliokuwa wakiteseka kwa damu na maumivu huona maisha ya ndoa yamekuwa mepesi. Kinachokoma ni hedhi na uwezo wa kuchukua mimba. Hilo la mimba si dogo, hasa kwa asiyekuwa na mtoto, na mwenye kulilia aachwe alie. Asiambiwe kuwa ana bahati ya kuwa hai kabla hajamaliza kuhuzunika. Huzuni ikipita wiki kadhaa na mtu hali, halali, wala hataki kuonana na watu, hiyo nayo ni sababu ya kurudi kwa daktari.

Inafaa pia mgonjwa aulize kama mifuko ya mayai, yaani ovari, imeachwa. Ikiachwa, mwili huendelea kutoa homoni zake kama kawaida. Zikiondolewa zote mbili kwa mwanamke ambaye hajafikia ukomo wa hedhi, joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu huanza ndani ya siku chache, na akirudi kazini wenzake watamwona ana hasira zisizo na sababu. Sababu ipo, na daktari ana la kumshauri, pamoja na namna ya kuilinda mifupa. Kwa upande wa ibada, mwenye mshono hana haja ya kujitesa kwa kupiga magoti au kusujudu. Sala ya kukaa ni ruhusa ya mgonjwa tangu zamani, na kanisani vile vile hakuna atakayemlaumu aliyebaki kwenye benchi.

Mwisho ni karatasi. Kabla ya kutoka wodini mgonjwa adai mambo manne kwa maandishi: aina ya upasuaji aliofanyiwa, kama mlango wa kizazi umeondolewa au umeachwa, kama ovari zimeachwa, na cheti cha siku za mapumziko chenye muhuri. Aliyeachiwa mlango wa kizazi bado anapaswa kwenda kupimwa saratani ya sehemu hiyo, kipimo cha siki kinachotolewa katika vituo vingi vya afya, kwa kuwa kutokuwa na hedhi hakumkingi. Aidha, kizazi kilichotolewa hukatwa kipande kikapelekwa maabara ya patholojia, na majibu huweza kuchelewa kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kurudi kwao. Aliyepasuliwa Mwanza akarejea Benaco aache wodini namba ya simu inayopatikana, aulize tarehe ya majibu, na siku hiyo ikifika bila taarifa apige simu mwenyewe au amtume mtu, hata kama amekwisha kupona na amesharudi kazini.